Mizani Iko Wapi?

Jumamosi moja pale Kamakis, tukingoja mbuzi choma, rafiki yangu mwalimu wa Kiswahili alitoa daftari la mwanafunzi wake atuchekeshe. Alisoma shairi kwa kejeli, kisha akatuonyesha alichoandika chini yake kwa kalamu nyekundu: "Mizani iko wapi?" Meza nzima ikaangua kicheko. Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo nina deni la kumjibu.

Shairi lilianza hivi:

Nimerudi nyumbani
mama
hayupo

Eti hiyo ni sentensi iliyokatwakatwa. Haya, tuiunge: "Nimerudi nyumbani, mama hayupo." Sasa imekuwa taarifa, hata kwa simu ungeituma. Lakini ukiiacha ilivyo, neno "mama" linasimama peke yake, na kabla hujafika mshororo wa tatu unalisikia kama mtoto anayeita mlangoni. Anaita kwanza, ndipo anajua hakuna wa kuitika. Kazi hiyo imefanywa na mkato wa mshororo. Huwezi kuihesabu kwa vidole, Mwalimu, lakini ipo.

Sigombani na arudhi. Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki akiwa mfungwa kati ya 1969 na 1972, na sehemu ya kifungo hicho aliitumikia Kamiti, si mbali na meza yetu ile. Vina na mizani havikumzuia kusema kweli. Ninachokataa ni kuifanya arudhi kipimo cha pekee. Diwani hiyo ilitoka 1973. Mwaka uliofuata Euphrase Kezilahabi akachapisha Kichomi, akazivunja kanuni, na wapo waliosema hayo si mashairi kabisa. Leo anafundishwa vyuoni. Hapa Kenya, Alamin Mazrui alitoa Chembe cha Moyo 1988, naye Kithaka wa Mberia akatoa Mchezo wa Karata 1997. Mashairi huru yamo hata kwenye mitihani yetu ya sekondari. Sasa mbona mwanafunzi aulizwe maswali juu ya shairi huru, halafu akilitunga lake achekwe?

Utaniambia wavivu watajificha humo. Ndiyo, watajificha, tena wamejaa. Kubonyeza kitufe cha mstari mpya kila baada ya maneno mawili si ushairi. Lakini wavivu wa vina je? Tumesoma mangapi yenye nane kwa nane zilizotimia, kina cha "-ni" kikigongwa kama msumari, na ndani hamna kitu?

Mtunzi wa tarbia anajua mapema pumzi itakatika wapi. Wa shairi huru huamua upya kila mara: kwa nini nikate hapa, kwa nini si pale? Akikata ovyo, tumwambie amekata ovyo, na tumwonyeshe wapi. Huko ndiko kusahihisha. Kumuuliza mizani aliyoiacha makusudi ni kukataa kumsoma.

Nyama ilipoletwa, daftari lilifungwa, likasukumwa kando ya kachumbari. Nikauliza, "Mwalimu, kwani mamake huyu mtoto yuko wapi?" Huenda yuko sokoni tu. Huenda ni tungo tu. Mwalimu hakujua, na mpaka hapo hakuwa amejiuliza.