UCHANGANUZI: Skrini za mitambo ya umeme zinene lugha inayoeleweka

GIZA lililotanda nchini usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, liliacha swali ambalo wakazi wa Umoja, Kayole na Dandora walistahili kujibiwa bila kuzungushwa: ni nini hasa kilichotangulia?

Kampuni ya Kenya Power ilisema gridi ilikuwa imepoteza umeme kutoka mradi wa upepo wa Ziwa Turkana. Wasimamizi wa mradi huo nao walishikilia kwamba mitambo yao ililazimika kujiondoa kwenye gridi ili isiharibike, baada ya volti kupanda kupita kiasi.

Mvutano wa aina hiyo hausuluhishwi kwa taarifa kwa wanahabari. Jibu huhifadhiwa ndani ya vifaa vya kinga, ambavyo wahandisi huviita rilei. Kifaa hicho hupima umeme unaopita, na kikibaini hitilafu, huamuru swichi ikate umeme katika muda ulio chini ya sekunde moja. Aidha, hunakili saa ya kila tukio.

Hata hivyo, rilei ikishamaliza kazi yake, uamuzi humrudia binadamu. Mhudumu hutazama skrini na kuamua iwapo laini irejeshewe umeme. Akikosea, huenda akapeleka umeme katika waya uliokatika na kuangukia paa la mabati mtaani. Ndiyo sababu mpangilio wa skrini si suala la urembo.

Eastlands inapaswa kulifuatilia jambo hili kwa karibu. Gridi ya taifa imedhibitiwa kwa miaka mingi kutoka kituo kilicho kando ya Barabara ya Juja, huku vituo vikubwa vya Dandora na Embakasi vikipokea umeme unaotoka mbali. Mnamo Januari 11, 2022, nguzo za laini ya kutoka Kiambere zilianguka Imara Daima na nchi ikaingia gizani.

Hitilafu moja huzaa nyingine. Mnamo Juni 7, 2016, kampuni ya KenGen ilieleza kuwa tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru. Mitambo mingine ililemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi nzima ikakosa umeme. Katika hali kama hiyo, tahadhari humiminika kwenye skrini kwa mkupuo, na ile ya kwanza, ambayo ndiyo yenye maana, huzikwa chini ya nyingine.

Mwongozo wa EEMUA 191, uliotolewa Uingereza mwaka wa 1999, unapendekeza kwamba mhudumu asipate kwa wastani zaidi ya tahadhari moja kila dakika 10 siku za kawaida. Sababu ni kwamba kengele inayolia kila mara huishia kupuuzwa.

Hatari nyingine ni skrini inayonyamaza. Agosti 14, 2003, mfumo wa tahadhari wa kampuni ya FirstEnergy jimboni Ohio, Marekani, ulikwama bila wahudumu kujua. Skrini zilikuwa shwari ilhali laini zilikuwa zikijikata moja baada ya nyingine. Watu wapatao milioni 50 nchini Marekani na Kanada walikosa umeme.

Kuna pia skrini inayodanganya. Katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Machi 1979, taa ilizimika na wahudumu wakaamini vali imejifunga. Kumbe taa hiyo ilionyesha tu amri iliyotolewa, wala si hali halisi ya vali. Funzo kwa wabunifu ni bayana: amri iliyotumwa na kazi iliyotekelezwa zionyeshwe kando kando.

Rangi nazo zina mitego. Katika vituo vingi vya umeme, nyekundu huashiria kwamba umeme unapita na kijani kwamba umekatwa. Fundi mgeni aliyezoea taa za barabarani anaweza kudhani kinyume. Kwa hivyo rangi isiachwe peke yake. Iambatane na neno.

Lakini neno lipi? Hapa ndipo tafsiri sisisi inapoweza kuua. Mhandisi husema swichi "imefungwa" akimaanisha umeme unapita. Mswahili anapofunga redio au mfereji, huwa amezuia kitu kisitoke. Skrini ya Kiswahili haina budi kusema wazi: "umeme unapita" au "umeme umekatwa".

Mwananchi naye ana skrini yake. Mita za kulipia kabla zilipohitaji kubadilishwa mfumo kufikia Novemba 24, 2024, wateja walipokea tokeni tatu zenye tarakimu 20 kila moja, wakatakiwa kuziingiza kwa mpangilio. Jumla ni tarakimu 60, kwenye kifaa chenye kioo kidogo kisichoweza kueleza kosa lilipo. Kwa ajuza anayeishi peke yake, kosa la tarakimu moja lilitosha kumrudisha kwenye mshumaa.

Wanaonunua mitambo hii kwa fedha za umma hawana budi kuwaketisha wahudumu na wateja mbele ya skrini kabla ya kutia sahihi mkataba. Aidha, kila giza la kitaifa likipita, kumbukumbu za rilei zichapishwe kwa mfuatano wa saa. Wananchi wanaolipia umeme huo wana haki ya kujua kilichotangulia.