Hadithi za Wazee Wetu ni Mali ya Nani?

Tunapozungumzia haki, kwa kawaida tunawaza mashamba, mishahara na mahakama. Ni mara chache tunawaza hadithi, methali na nyimbo. Hata hivyo hizo nazo ni mali, na mali yaweza kumtoka mwenyewe bila yeye kujua. Sisi tunaoishi Pito na katika uwanda wote wa Ufipa yatupasa kulitafakari jambo hili, kwa kuwa mapokeo yetu yamekuwa yakiandikwa na wageni kwa zaidi ya miaka mia moja, na leo maandishi ya namna hiyo yanazidi kuingizwa katika kompyuta na kusomwa kwa njia ya intaneti.

Tuchukue vitabu viwili. Cha kwanza ni Aux rives du Tanganika, kilichochapwa mwaka 1913. Mwandishi wake ni Askofu Adolphe Lechaptois wa Wamisionari wa Afrika, aliyeongoza Vikarieti ya Kitume ya Tanganyika, ambayo ndiyo mama wa Jimbo letu la Sumbawanga. Cha pili ni There Was a Certain Man, mkusanyo wa masimulizi ya Wafipa uliotolewa Oxford mwaka 1978 na mtaalamu Mwingereza Roy Willis, aliyefanya utafiti hapa Ufipa katika miaka ya 1960.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mwandishi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake. Askofu Lechaptois alifariki mwaka 1917. Kitabu chake sasa ni huru kwa watu wote. Roy Willis alikuwa bado akitoa vitabu mwaka 1999; kwa hiyo haki katika kitabu chake haiwezi kwisha hapa nchini kabla ya mwisho wa mwaka 2049. Uingereza, ambako kipindi hicho ni miaka 70, haiwezi kwisha kabla ya mwisho wa mwaka 2069.

Tazameni basi hali yetu. Kitabu cha kwanza kimefunguliwa na sheria, lakini kimefungwa na lugha, maana ni cha Kifaransa. Cha pili kina hadithi zilizotoka vinywani mwa Wafipa, lakini wajukuu wa wasimulizi wakitaka kukinakili na kukiweka kwenye intaneti kwa ajili ya shule zao, hawana budi kuomba ruhusa ng'ambo.

Hatumlaumu mtafiti. Bila kalamu yake huenda mengi yangalipotea. Tena ni kweli kwamba hakimiliki hulinda maneno ya kitabu, si kisa chenyewe. Bibi wa Pito haombi ruhusa ya mtu kumsimulia mjukuu wake. Lakini bibi huyo akiisha kuzikwa, kitabu ndicho shahidi anayebaki. Na kwa desturi ya sheria hizi, aliyeandika ndiye anayehesabiwa mwenye kazi. Yule aliyeitunza kazi hiyo kichwani kwa miaka mingi husahauliwa. Hapo ndipo ilipo dosari.

Wapo wasemao: basi kila kitu kiwekwe wazi kwa dunia nzima. Hapo nasi tunasita. Wafua chuma wa Ufipa, waliojenga yale matanuru marefu tunayoyaita malungu, walikuwa na dawa na miiko isiyokuwa ya kila mtu. Kumwaga mambo ya namna hiyo hadharani bila kuwauliza wenyewe si ukarimu. Tena nyimbo zikiachwa bila mlinzi, mwenye mitambo na fedha atazichukua, azitie katika biashara yake, na kijiji kisipate hata kutajwa jina. Sheria ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi dhidi ya unyonyaji huo, lakini nguvu ya sheria ya nchi huishia mpakani. Ndiyo maana tunaipokea kwa matumaini Itifaki ya Swakopmund, iliyopitishwa mwaka 2010 na nchi za shirika la ARIPO na kuanza kutumika mwaka 2015, kwa kuwa inazitambua jamii zenyewe kuwa ndizo wenye haki.

Mafundisho ya Kanisa yanatupa kipimo. Papa Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, alikumbusha kwamba ujuzi ni namna ya umiliki isiyopungua uzito wa ardhi. Papa Benedikto XVI, mwaka 2009 katika Caritas in Veritate, alionya juu ya kuishikilia haki ya mali ya akili kwa ukali uliopita kiasi. Umiliki ni halali, lakini una wajibu kwa wote.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila anayekuja kurekodi wazee wetu aweke nakala kijijini, aandike majina ya wasimulizi wanaoridhia, na akubaliane nao kwa maandishi juu ya matumizi. Pili, nyumba za kumbukumbu, zikiwemo za mashirika ya Kanisa, zitoe bure picha na maandishi ambayo haki yake imekwisha, wala zisibuni ada mpya kwa sababu tu zimeyanakili upya; mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba nakala tupu ya kazi ya sanaa ya namna hiyo haizai haki mpya. Tatu, walimu na makatekista wanaojua lugha wasaidie kuyaweka maandishi hayo katika Kiswahili na Kifipa.

La tatu haliwangoji wabunge wala wageni. Wazee wangali hai na vijana wana simu zenye kurekodi. Tuanze sasa, kwa ridhaa yao na kwa majina yao.