Uvimbe Usingoje Safari

Tangu siku za Uhuru, mwaka 1961, wananchi waliambiwa bila kufichwa kwamba maadui waliobaki ni watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Leo twapenda kusema juu ya mahali ambapo maadui hao hukutana ndani ya mwili wa mtu mmoja. Ni pale mama wa Endulen, au mfanyakazi wa shamba la kahawa Karatu, anapogusa shingo yake au titi lake, akakuta uvimbe usiouma.

Uvimbe usiouma ndio wenye hila. Ungaliuma, angalikwenda hospitali siku ile ile. Kwa kuwa hauumi, hungojeshwa: vitunguu vya Mang'ola vivunwe kwanza, watoto wanunuliwe madaftari, mifugo irudi kutoka malishoni. Hatimaye mgonjwa afikapo mbele ya daktari, swali linakuwa zito. Je, hii ni tezi ya kifua kikuu, au usaha, au saratani? Kwa macho na vidole peke yake hata daktari hodari hawezi kuapa. Basi mgonjwa aghalabu hupewa dawa za usaha, na zisipofaa, pengine dawa za kifua kikuu, ambazo ni za miezi sita. Kama ilikuwa saratani, miezi sita hiyo imekwisha liwa.

Kinachoweza kukata shauri ni chembe zenyewe za uvimbe. Ziko njia za kuzipata bila kisu. Sindano nyembamba, isiyozidi ile ya kuchomea dawa, huingizwa katika uvimbe, ikavuta chembe chache. Zikapakwa juu ya kipande cha kioo, zikatiwa rangi, zikatazamwa kwa hadubini. Chembe nzima zina adabu yake: ukubwa wake walingana, na kiini cha kila moja kimekaa kwa kiasi. Chembe za saratani zimeasi. Viini vyake ni vikubwa, vyeusi, havifanani, na hujisonga bila mpango. Elimu hiyo huitwa sitolojia, na mgonjwa aliyechomwa sindano asubuhi anaweza kwenda nyumbani kwa miguu yake saa ile ile.

Si jambo geni wala la jana. Daktari Papanicolaou, Mgiriki aliyefanya kazi New York, alisema mwaka 1928 kwamba saratani ya mlango wa kizazi yaweza kutambuliwa kwa kutazama chembe tu. Wenzake hawakumsikiliza sana, mpaka alipoandika tena pamoja na Daktari Traut mwaka 1941. Wala Afrika Mashariki haikukaa pembeni. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Ulikuwa ni kitu gani? Waliojibu ni waliokaa mbele ya hadubini, na miongoni mwao Daktari Dennis Wright, aliyeandika mwaka 1963 juu ya sura ya chembe zake. Kujua huko kulikuwa na maana kubwa, kwa sababu uvimbe huo, ambao kisu hakiuwezi, huyeyuka kwa dawa.

Twakumbuka pia kwa heshima kwamba Baba wa Taifa alitutoka London, tarehe 14 Oktoba 1999, kwa saratani ya damu, ugonjwa ambao nao hutambuliwa kwa kutazama chembe.

Sasa tuitazame Karatu. Mji una hospitali ya Kilutheri na hospitali ya FAME, na ng'ambo ya ukingo wa kreta iko nyumba ya tiba ya misheni ya Endulen. Hakuna asemaye kwamba waganga wa huko ni wavivu. Lakini mabingwa wa kusoma chembe ni wachache katika nchi nzima, nao wamekusanyika katika hospitali kubwa, kama KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na Muhimbili. Kutoka Karatu hadi Moshi ni zaidi ya kilometa 200. Na mtu wa Endulen sharti kwanza apande ukingo wa kreta, kisha ateremke mpaka Karatu, ndipo aanze kuhesabu hizo 200. Nauli ni yake. Malazi ni yake. Mtu wa kumwangalia mbuzi nyumbani ni shauri lake. Barabara hiyo hiyo hupitisha kila siku magari yaliyojaa wageni waliokuja kutazama simba, na wengi wa wageni hao hutoka katika miji ambako jambo hili limekwisha kuwa la kawaida.

Wako watakaosema kwamba mitambo ni ghali. Hoja hiyo hatuikubali. Hadubini inayohitajika ndiyo ile ile iliyotumika miaka yote kutafuta malaria na kifua kikuu, na tangu vipimo vya haraka vienee, nyingine zinashiba vumbi. Rangi ya Giemsa, ambayo mafundi wetu wa maabara waijua kama chumvi ya jikoni, ndiyo itumikayo pia kwa chembe za sindano. Sindano ipo. Kioo kipo. Kinachokosekana ni jicho lililofundishwa, na jicho hilo halinunuliwi dukani. Hufundishwa kwa miezi na miaka, chini ya mwalimu. Hata mwalimu akiwa mbali, picha iliyopigwa kwa simu juu ya hadubini yaweza kumfikia kwa dakika chache, akatoa rai yake.

Tuseme kweli yote, ili tusije tukaahidi makuu. Sindano yaweza kukosa mahali penyewe, na jibu la kwamba hakuna saratani si la kuaminiwa ikiwa uvimbe unazidi kukua. Mara nyingi lazima kinyama kikatwe kithibitishe, hasa kwa titi, ili dawa ichaguliwe vema. Na kwa mlango wa kizazi, ambao saratani yake huwapata Watanzania zaidi ya 10,000 kila mwaka, sisi hatushauri wilaya ianze kukimbilia kipimo cha Papanicolaou, kwa maana chataka maabara imara na mgonjwa arudi tena. Huko siki ambayo muuguzi hupaka na kutazama papo hapo, kipimo cha kirusi, na chanjo ya wasichana iliyoenea nchini tangu mwaka 2018, vinafaa zaidi. Sitolojia tunaitakia shingo, titi, kwapa na kinena.

Kwa hiyo twaiomba Wizara, na Halmashauri za Karatu na Ngorongoro, zimchague kila moja fundi wa maabara mmoja au wawili, zimpeleke kujifunza, na zimfunge kwa mkataba arudi alikotoka. Twaomba pia, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapotekelezwa, kipimo cha sindano na kioo kisiachwe nje ya mafungu. Na matawi ya Chama, yanayojua kuita mkutano kwa siku moja, yaite na huu: yawaambie wananchi, kwa Kiiraqw, kwa Kimasai na kwa Kiswahili, kwamba uvimbe uliokaa wiki tatu bila kupungua upelekwe hospitali kabla ya mavuno.