Ahadi Iliyorudishwa na Subira ya Vijana wa Visiwani



Ijumaa ya tarehe 15 Desemba 2017, uwanja wa Moi hapa Kisumu ulishuhudia jambo linalofaa kusimuliwa watoto. Timu ya Zanzibar iliifunga Uganda, bingwa mtetezi, mabao 2 kwa 1, ikaingia fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati. Katika hatua ya makundi, vijana hao walikuwa wamekwisha kuwashinda ndugu zao wa Tanzania Bara.

Uzito wa ushindi ule hauonekani mpaka tukumbuke yaliyowapata miezi michache kabla. Mwezi Machi mwaka huo, Shirikisho la Soka Afrika lilikutana Addis Ababa likaipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Ilipofika Julai, uanachama huo ukafutwa, kwa hoja kwamba Zanzibar si dola kamili bali ni sehemu ya Tanzania. Kijana wa Unguja au Pemba anayetamani Kombe la Mataifa ya Afrika hana njia ila kuteuliwa katika Taifa Stars.

Thamani ya mlango huo yaonekana kwa jirani zetu Wakomoro, waliojiunga na FIFA mwaka 2005. Januari 2022, nchi hiyo ya watu wasiofika milioni 1 ilishiriki Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza, ikaifunga Ghana mabao 3 kwa 2. Kisha ikawakabili wenyeji Kameruni huku beki wake, Chaker Alhadhur, akisimama golini kwa kukosekana mlinda mlango. Walifungwa 2 kwa 1 tu, wakarudi kwao na heshima yao.

Zanzibar, iliyolitwaa Kombe la Chalenji mwaka 1995, haikulipata tena mwaka ule. Kenya ilishinda fainali ya Machakos kwa mikwaju ya penalti. Hata hivyo, vijana walionyimwa kiti mwezi Julai hawakususa. Walikwenda mahali walipokuwa bado wanaruhusiwa kucheza, wakacheza kwa bidii. Hiyo ndiyo subira: si kukaa kimya na kinyongo moyoni, bali ni kufanya kazi iliyo mbele yako.

Nasi wazazi tuna somo letu. Muungano ni wa tangu 1964. Waliopiga kura Addis Ababa wangeweza kuupima kabla ya kutoa neno lao. Mara ngapi tunamwahidi mtoto shule, safari au zawadi, kisha tunaitangua ahadi kwa sababu tuliyoijua tangu mwanzo? Ahadi ni deni, na mtoto hulikumbuka. Tupime kwanza, ndipo tuahidi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kutimiza ahadi zetu, na awape wanetu subira yenye vitendo. Amin.