Pesa Zako Haziko Kwenye Simu. Daftari la Madeni Je?

Simu yako ikiibwa leo kwenye matatu, utalilia simu, si salio. Utaripoti, utachukua kitambulisho uende laini irudishwe, na pesa utazikuta pale pale ulipoziacha. Hilo hatuhitaji kukufundisha. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, Wakenya wamezoea kwamba pesa hazikai ndani ya simu. Zinakaa kwenye kompyuta za kampuni, na simu ni mlango tu.

Hiyo ndiyo wataalamu huita wingu. Halina uhusiano na mvua. Ni kompyuta ya mtu mwingine, iliyo mahali pengine, inayotunza vitu vyako na kukufungulia popote ulipo mradi ujitambulishe.

Basi mbona pesa ziko huko, lakini rekodi za duka bado ziko kwenye daftari chini ya kaunta, au kwenye laptopu moja ambayo betri yake ni ya kubembeleza? Soko la Gikomba limeungua mara nyingi. Mafuriko ya 2024 yaliingia kwenye nyumba na maduka mengi Nairobi. Mwenye duka akipoteza mali ataumia, lakini akipoteza na daftari, hajui hata aanze kumdai nani.

Kuna wanaosema, "Si nina taarifa ya till?" Unayo, na ni nzuri. Lakini inaonyesha nani amelipa. Haionyeshi nani hajalipa. Jirani aliyechukua unga na mafuta kwa deni wiki jana hayumo, na bei uliyonunulia stoki haimo pia. Ndiyo maana sisi tunasema anza na daftari la madeni: jina, tarehe, kiasi, amelipa ngapi. Stoki inaweza kufuata baadaye. Risiti za ununuzi zipige picha mapema, kwa sababu sheria ya kodi inataka rekodi zitunzwe miaka 5, na ile karatasi ya mashine hufifia upesi sana.

Hapa tutatofautiana na wauzaji wa programu: duka dogo halihitaji mfumo wa kulipia kila mwezi ili kuanza. Akaunti ya Google hukupa nafasi ya GB 15 bila malipo, na jedwali la madeni halitaijaza hata ukiandika miaka kumi. Kinachojaza ni video na nakala za WhatsApp.

Kinachotutia wasiwasi si gharama. Ni akaunti yenyewe kuwa ya nani. Mara nyingi mwenye duka humwambia kijana wa kazi au fundi wa cyber, "Nifungulie hiyo kitu." Anafungua kwa barua pepe yake na laini yake. Siku akiacha kazi, ameondoka na biashara mfukoni. Hatusemi ni mwizi. Anaweza tu kusahau paswadi, na nambari ya uthibitisho ikawa inatumwa kwa laini aliyotupa zamani. Till yako hungekubali isajiliwe kwa kitambulisho chake, sivyo?

Fungua kwa barua pepe yako na laini yako mwenyewe, na uweke uthibitishaji wa hatua mbili. Google pia hukupa nambari za akiba za kuingilia laini ikipotea. Ziandike uziweke nyumbani, si dukani. Kisha mpe mfanyakazi ruhusa ya kuandika kupitia akaunti yake. Akiondoka, unaiondoa ruhusa na kazi inaendelea. Na mtu akipiga simu akitaka nambari ya uthibitisho, usimpe, hata akisema anatoka kwetu. Akaunti usiiache pia ilale: Google inaweza kufuta ile isiyotumiwa kwa miaka 2.

Je, mtandao ukipotea? Swali la haki. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikasuasua Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo, au stima ikienda, andika kwenye karatasi uingize jioni. Karatasi hatujaifukuza kazi.

Jambo lingine ambalo wengi hulipuuza: majina na nambari za wadeni wako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kuwa na orodha kwenye simu kumerahisisha kuitupa kwenye grupu la mtaa ili watu waaibike walipe. Jameni, msifanye hivyo. Mdai mtu mwenyewe, kwa nambari yake.

Leo ukifunga duka, piga picha kurasa za daftari zenye madeni ambayo hayajalipwa, uzipakie kwenye akaunti yako. Kuzinakili kwenye jedwali kunaweza kungoja Jumapili.