Muamala Ukikwama, Tupime Muda, Tusisome Siri Yako

Hali hii unaijua. Ni Ijumaa jioni, mwisho wa mwezi, uko kwa duka na umeshalipa kwa simu. Pesa imetoka. Keshia anaangalia simu yake, hajaona meseji. Foleni nyuma yako imeanza kunung'unika. Mwishowe unalipa mara ya pili ili uondoke na unga wako, halafu Jumatatu unaanza kututafuta urudishiwe.

Kuna mwisho wa mwezi mmoja ambapo hali hiyo ilitokea jioni tatu mfululizo, na kosa lilikuwa letu. Tulifanya kile ambacho wengi hufanya: tukaizima programu inayotuma meseji, tukaiwasha tena. Ikachangamka kidogo, kisha ikarudi palepale. Kuzima na kuwasha ni kama kumpa mgonjwa dawa ya maumivu bila kumpima. Analala usiku huo, lakini ugonjwa uko ndani.

Leo tunataka kukueleza jinsi tulivyoupata ule ugonjwa, kwa sababu chombo tulichotumia kina pande mbili, na upande wa pili unakuhusu wewe moja kwa moja.

Kuchungulia bila kusimamisha kazi

Seva zetu, kama seva nyingi duniani, zinatumia Linux. Ndani ya Linux kuna kiini kinachoitwa kerneli, ambacho ndicho kinachogawa kazi na kusimamia programu zote. Tangu toleo la 3.5 la mwaka 2012, kerneli hiyo imekuwa na uwezo unaoitwa uprobes: kuweka kichunguzi ndani ya programu ya kawaida wakati programu hiyo inaendelea na kazi. Wazo lenyewe halikuanzia hapo. Solaris 10 ya mwaka 2005 ilikuja na DTrace, iliyowapa mafundi nafasi ya kuuliza maswali mtambo ukiwa kazini.

Hivi ndivyo inavyofanya kazi. Fundi anachagua mahali ndani ya programu, tuseme mwanzo wa hatua fulani. Kerneli inaondoa agizo lililo pale na kuweka alama ya kusimama. Programu ikifika kwenye alama hiyo, kerneli inashika usukani, inaandika ilichoombwa kuandika, inatekeleza lile agizo la awali, kisha inairuhusu programu iendelee. Haya yote huisha ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Faili ya programu iliyo kwenye diski haiguswi. Ukiondoa kichunguzi, agizo la awali linarudishwa mahali pake.

Mbona tusiandike tu kumbukumbu zaidi ndani ya programu? Kwa sababu ingebidi kuibadilisha, kuijaribu na kuisakinisha upya, na wewe bado uko kwenye foleni. Mbona tusiisimamishe tukaikagua? Kwa sababu ikisimama, wateja wote wanasimama nayo.

Sekunde tano zilizofichika

Tuliweka vichunguzi viwili kwenye hatua ambapo programu inauliza anwani ya seva nyingine kwa kutumia jina lake: kimoja hatua inapoanza, kingine inapoisha. Tofauti kati yao ni muda. Hatukuomba kitu kingine chochote.

Jibu lilikuja haraka. Maulizo mengi yaliisha chini ya milisekunde moja. Lakini mengine yalichukua sekunde tano na kitu kidogo. Siyo nne, siyo saba. Ni tano kila mara.

Fundi wa Linux akiona tano hiyo anajua pa kuangalia. Kwa kawaida mfumo ukiuliza jina kwa seva ya kwanza kwenye orodha na isijibu, unasubiri sekunde tano kabla ya kuuliza ya pili. Ni kama kumpigia rafiki akupe nambari ya mtu, simu inaita tu hadi unachoka, ndipo unampigia mwingine. Kwenye orodha yetu kulikuwa na anwani ya seva iliyozimwa zamani, na hakuna aliyekumbuka kuitoa. Siku za kawaida hukuona tofauti kubwa. Mwisho wa mwezi, zile sekunde tano zilirundikana moja juu ya nyingine zikawa dakika. Tulifuta mstari mmoja, na meseji zikaanza kufika.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaosema ati vyombo hivi vipigwe marufuku kwenye mitambo ya pesa. Bila kupima tunabaki kukisia, na gharama ya kukisia kwetu inalipwa na mama mboga anayesubiri meseji huku mteja ameshika mfuko.

Upande wa pili

Sasa hebu tuseme ukweli wote. Kichunguzi kilekile kinachopima muda kinaweza pia kusoma kile ambacho programu imeshika mkononi wakati huo.

Umeambiwa mara nyingi kwamba data yako inafumbwa kabla ya kusafiri. Ni kweli. Lakini kabla ya kufumbwa, iko wazi ndani ya kumbukumbu ya programu. Maktaba ya OpenSSL, inayotumiwa sana kwa kazi hiyo, ina hatua inayopokea maneno yakiwa bado wazi. Mtu akiweka kichunguzi hapo, anayasoma. Hili siyo jambo la siri. Kuna vyombo vya bure vinavyofanya hivyo, na mafundi huvitumia kihalali kutafuta hitilafu. Kile kikufuli unachokiona juu ya tovuti kinalinda barabara. Chumba unakotoka mzigo hakikilindi.

Kinga iliyopo ni kwamba si kila mtu anaweza kuweka kichunguzi hicho. Inahitaji haki za juu kabisa kwenye seva. Lakini haki hizo hupewa binadamu, na binadamu anaweza kuchoka, kukosea au kushawishika.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu. Kichunguzi kwenye mtambo wa pesa kipime muda na kihesabu matukio, kisiguse yaliyomo. Kiwekwe baada ya mtu wa pili kuidhinisha. Kiwe na saa ya kuondolewa. Na ibaki rekodi ya nani alikiweka, wapi, na kwa sababu gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data inayokusanywa isizidi inayohitajika kwa kazi husika. Kutafuta sekunde tano hakukuhitaji jina la mteja hata mmoja, wala nambari yake, wala kiasi alicholipa. Fundi akisema anahitaji kuona kila kitu ndiyo atatue tatizo, mara nyingi hajauliza swali lake vizuri.

Wewe ufanye nini

Kwanza, meseji ikichelewa, usilipe tena papo hapo. Angalia salio na orodha ya miamala yako. Kama pesa imetoka, muonyeshe muuzaji, mkague pamoja.

Pili, akikupigia mtu na kusema, "Tunafuatilia muamala wako uliokwama, tupatie PIN tuufungue," kata simu. Umeona sisi tulivyofuatilia yetu: tulipima programu yetu, kwenye seva yetu. Hakuna hatua hata moja iliyohitaji PIN ya mtu, na haitakuwepo.

Tatu, simu za Android nazo zinatumia kerneli ya Linux. Ukimruhusu fundi wa mtaani avunje ulinzi wa kiwandani ili akuwekee programu za bure, unafungua njia ya haki zilezile za juu. Programu mbaya ikizipata, inaweza kuchungulia programu zako zingine. Usifanyie malipo kwenye simu kama hiyo.

Na kampuni yoyote inayoshika pesa yako, sisi tukiwemo, una haki ya kuiuliza: mkitafuta hitilafu, mnaangalia nini? Jibu likiwa "kila kitu", uliza tena.