Lehenga ya Sinema Tunaiiga, Swali Lake Tunaliacha Ukumbini



Wapo watakaosema sinema si mambo ya kuzungumzwa hapa. Tunawaheshimu. Lakini tuseme kweli: maharusi wetu wanaziangalia, mama zao wanaziangalia, na sisi tunaoshona tunaziangalia pia. Filamu ya Kihindi ikitoka, wiki mbili haziishi, picha zake zimeshafika dukani kwetu kwenye simu. "Nataka hii hii, na mkono uwe hivi hivi." Basi bora tuzizungumze.

Mwaka 2023 tuliingia sinema mara mbili. Mwezi wa Februari tulikuwa London kwa ndugu yetu aliyejifungua, tukaenda kutazama What's Love Got to Do with It? ya Shekhar Kapur. Kaz, kijana wa Kipakistani aliyekulia Uingereza, anakubali kutafutiwa mke na wazee. Anaonana na Maymouna kwanza kwenye skrini ya kompyuta, kisha safari ya Lahore, harusi ya rangi zote. Ndoa haidumu, na mwisho Kaz anaangukia kwa Zoe, jirani yake Mzungu. Nguo nzuri mno, hilo hatulikatai. Ila mwisho ule ulituudhi. Kana kwamba dawa ya ndoa iliyopangwa vibaya ni kuitupa mila nzima na kumkumbatia jirani!

Julai ile ile ikatoka Rocky Aur Rani Kii Prem Kahaani ya Karan Johar. Tukavuka na boti kwenda kuitazama Dar es Salaam. Nguo kazi ya Manish Malhotra, na tuliorudi nayo vichwani ni hiyo tu: sari za Rani na lehenga ya harusi. Lakini kiini cha hadithi ni kingine. Kabla ya ndoa, Rocky anakwenda kukaa miezi mitatu kwa wazazi wa Rani, na Rani kwa wazazi wa Rocky, kila mmoja aijue nyumba anayoingia. Kukaa vile sisi dini yetu haituruhusu. Lakini nia ya kuijua nyumba kabla ya kuingia, nani aliyetukataza?

Na kabla ya hizo tulishaitazama ya kwetu wenyewe, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Yasmin, binti wa Kihindi wa hapa hapa Unguja, anaozwa mzee asiyemtaka, anakimbia. Watu walibishana juu ya kukimbia kwake na aliyemkimbilia. Hatukumsikia hata mmoja aliyeuliza: je, kabla ya kuozwa, Yasmin aliulizwa?

Ndilo swali lililomo ndani ya filamu zote tatu. Majibu yake mengi hatuyataki, lakini swali ni la haki. Na sisi tunatoka ukumbini tumebeba lehenga, swali tumeliacha kwenye kiti.

Tuseme na letu, maana lawama zisiwe za wenzetu tu. Alikuja binti mmoja na mama yake, wanataka lehenga ya Rani. Mama alikuwa amepokea upatu, pesa taslimu. Tukapima kiuno. Baada ya wiki mbili, kujaribu nguo, inapwaya. Tukapunguza inchi moja. Mara ya pili tukapunguza tena. Mara ya tatu tena. Mama anafurahi: "Mwanangu anakuwa kama Alia Bhatt!" Binti kimya, anajitazama kwenye kioo kama anamtazama mtu mwingine. Futi ilikuwa mikononi mwetu, tuliona kila inchi inavyokwenda. Hatukumuuliza. Tulipokea pesa zetu, tukapiga picha, tukaziweka mtandaoni, watu wakasifu. Miezi minne baadaye karudi kwao na talaka. Ndipo ikajulikana kwamba yule mume hakumtaka tangu siku ya posa.

Mtatuambia: alinyamaza, na kunyamaza kwa mwari ndiyo kukubali. Hapo ndipo tunapoipindisha dini! Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mwari atakwe idhini, na kwa haya zake kimya chake kinatosha. Kimya hicho ni jawabu, na jawabu hutanguliwa na swali. Asiyeulizwa hakujibu. Na Khansa bint Khidham (R.A.), aliyewahi kuolewa kabla, baba yake alipomwoza asiyemtaka alikwenda kwa Mtume, na ndoa ile ikabatilishwa. Hakuhitaji kutoroka wala jirani wa Kizungu. Haki yake ilikuwa ndani ya dini. Filamu za Ulaya hazilioneshi hilo, na sisi tunawasaidia kulificha.

Kwa hiyo mama zetu, kabla ya kuja kwetu na picha ya lehenga, kaeni na binti faraghani, bila shangazi wala wajumbe wa posa. Muulize, kisha nyamaza umsikilize. Ulizeni pia habari za nyumba anayokwenda: mkwe, madeni, kazi, sala. Na wewe somo, usimfundishe singo na udi tu; mwulize moyo wake.

Sisi tumeshaamua. Bi harusi akija kupimwa, mama atakaa nje dakika tano. Tukiona kiuno kinapungua, tutauliza kabla ya kushika sindano. Tunajua tunajitilia mchanga kitumbua chetu, kwani wapo watakaokwenda kwa fundi asiyeuliza. Waende. Lehenga hufumuliwa ikashonwa upya. Binti hafumuliwi.

Allah awajaalie maharusi wetu ndoa za ridhaa na utulivu. Aamin.